Gari la Nyanya Mbele ya Korongo Lililojaa: Jinsi ya Kuokoa Mzigo na Uhai Wakati wa Mvua

 

Kwa wiki kadhaa tumeongea kuhusu ukungu, mbolea ya kukuzia na bei. Leo tuguse kitu kinachokula faida ya vijana wengi kimyakimya: safari ya kutoka shambani hadi sokoni wakati mito imejaa. Unaweza kulima vizuri miezi mitatu, ukapulizia dawa kwa wakati, ukavuna mzigo safi kabisa, halafu yote yakaishia kwenye korongo moja lililo kilomita chache tu kutoka kwako.

Jambo kubwa la kushika leo ni hili: hasara ya mafuriko barabarani mara nyingi huamuliwa kabla gari halijawashwa. Huamuliwa siku unayochagua kuvuna, kwa rangi ya tunda unalochuma, na kwa makubaliano uliyonayo na mwenye gari na mnunuzi. Ukishafika mbele ya maji, hakuna tena hesabu ya kupiga. Jibu ni moja, unasimama. Tofauti ni kwamba aliyejipanga anaweza kusimama bila kufilisika. Asiyejipanga anajiona hana namna ila kuvuka.

KISA CHA VIJANA WAWILI

Vijana wawili, mtu na binamu yake, walikuwa na nyanya upande wa Ilula, mkoani Iringa. Jumatatu moja ya mwezi wa tatu walivuna sanduku 200. Nyingi zilikuwa zimeshaiva nyekundu, maana dalali wa Dar es Salaam aliwaambia soko linataka "rangi". Fuso walilokodi lilichelewa kwa sababu ya tope, wakamaliza kupakia saa kumi na moja jioni.

Kutoka shambani hadi lami ni kilomita 11. Katikati kuna korongo lenye drifti, ile njia ya zege ambayo maji hupita juu yake. Shambani mvua haikunyesha kabisa siku hiyo. Huko milimani ilikuwa inanyesha tangu mchana.

Walipofika korongoni, drifti haionekani. Maji yana rangi ya chai ya maziwa na yanapita kwa kasi. Yule mdogo akasema, "Kaka, tusubiri kwanza, haya maji yana nguvu." Dereva akamjibu, "Dogo, njia hii naipita tangu hujaanza shule. Gari lina mzigo wa tani saba, litaenda wapi?" Dalali naye yuko kwenye simu: mzigo usipofika alfajiri, anachukua wa mtu mwingine. Na nyanya zenyewe ni nyekundu, hazina siku za kungoja. Wakaingia.

Dereva hakukosea njia, aliipita palepale anapopita siku zote. Kumbe maji yalikuwa yameshakula ukingo wa zege upande wa chini. Tairi la nyuma likazama, gari likalala ubavu. Utingo aliyekuwa amekaa juu ya mzigo akarushwa majini. Mungu mkubwa, alidaka mti ulioangukia ukingoni, na wanakijiji wakamvuta kwa kamba. Alivunjika mkono, lakini yuko hai. Wengine walitokea dirishani.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Usiku uleule, kwenye saa sita, maji yalikuwa yameshuka hadi chini ya kifundo cha mguu. Kama wangelala pale ng'ambo, asubuhi wangekagua drifti na kutafuta njia wakiwa salama. Badala yake gari lilivutwa na trekta kesho yake saa nane mchana, mzigo ukahamishiwa gari jingine, ukafika Ilala Alhamisi alfajiri badala ya Jumanne. Sanduku 60 zilitupwa. Zilizobaki ziliuzwa kwa bei ya kuomba.

TUPIGE HESABU

Namba hizi nimezirahisisha ili uzifuate, wewe weka za kwako.

Mpango wa mwanzo: sanduku 200 kwa shilingi 35,000 ni 7,000,000. Toa nauli ya gari 900,000. Inabaki 6,100,000.

Kama wangesubiri hadi asubuhi: tuseme sanduku 5 zinaharibika na bei inashuka kidogo hadi 32,000. Sanduku 195 zinaleta 6,240,000. Toa nauli 900,000 na shilingi 100,000 za kulalisha gari. Inabaki 5,240,000.

Kama wangeuza palepale shambani kwa 20,000: wanapata 4,000,000 na hawadaiwi nauli.

Kilichotokea: sanduku 140 kwa 18,000 ni 2,520,000. Toa nauli 900,000, toa 350,000 za trekta na vibarua. Inabaki 1,270,000. Hapo bado hujaweka matibabu ya utingo.

Kwa hiyo kusubiri kungewagharimu 860,000. Kulazimisha kuliwagharimu 4,830,000. Na kwenye kikundi cha mkopo, marejesho hayajui habari za korongo.

KWA NINI MAJI HUBEBA GARI

Wengi hudhani uzito wa mzigo ndio usalama. Tuelewane vizuri hapa.

Kwanza, maji yanasukuma. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya msukumo huongezeka mara nne. Maji ya sentimita 15 tu yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo. Sentimita 60 zinaweza kubeba magari mengi, hata yale marefu ya kwenda porini.

Pili, maji yananyanyua. Bodi la gari likishaguswa na maji, gari linaanza kuwa jepesi kwenye matairi. Tairi lisilokandamiza chini halina breki wala usukani. Gari tupu linalorudi kutoka sokoni liko kwenye hatari zaidi.

Tatu, na hili ndilo lililowapata vijana wetu, maji yanachimba. Yanakula udongo chini ya kalavati, kwenye maungio ya daraja na ukingoni mwa zege. Juu unaona maji yametulia, chini hakuna barabara. Hapo uzito wa tani saba haukusaidii, unakuzamisha.

Desemba 2021, huko Mwingi katika kaunti ya Kitui, Kenya, basi lililobeba wanakwaya na wageni wakienda harusini liliingia kwenye daraja la mto Enziu lililokuwa limefunikwa na maji. Watu wamesimama ng'ambo wanaangalia. Basi lilipinduka na zaidi ya watu 30 walifariki. Lilikuwa gari kubwa, mchana kweupe, kwenye daraja linalojulikana.

Wala usidhani ni barabara za vumbi tu. Machi 2020 barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma ilikatika eneo la Kiyegeya. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Aliyekuwa na mzigo unaooza ndani ya gari siku hizo anajua ninachosema.

HATUA YA 1: SOMA ANGA LA NJIA NZIMA

Kosa la kawaida ni kuangalia mawingu ya shambani kwako tu. Mzigo wa Iringa unatoka eneo la mvua za msimu, zinazoanza Novemba hadi Aprili, na unaelekea Pwani na Dar es Salaam ambako masika huanza Machi hadi Mei. Mwezi wa tatu na wa nne mvua hizo zinakutana, na gari lako linapita katikati yake.

Fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, kwa redio au mtandaoni. Hutoa utabiri wa siku tano wenye rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisikia "mvua kubwa", maana yake ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Angalia mkoa wa shamba, mikoa ya njiani, na milima inayolisha makorongo yako.

Kisha weka watu wawili watatu wa kukupa taarifa: bodaboda anayepita njia hiyo kila siku, mwenye duka karibu na korongo, na dereva anayetoka Dar. Simu ya dakika mbili kabla ya kuchuma ina thamani kuliko simu kumi ukiwa umeshapakia.

HATUA YA 2: VUNA KWA RANGI INAYOKUPA SIKU

Wakati wa mvua usivune nyanya nyekundu kwa soko la mbali. Vuna zilizokomaa zikiwa bado kijani au zinazoanza kugeuka rangi kwenye kitako.

Utajuaje nyanya ya kijani imekomaa? Chukua chache za mfano, zikate katikati kwa kisu kikali. Kama mbegu zimezungukwa na utelezi na zinateleza kukwepa kisu, imekomaa na itaiva vizuri. Kisu kikikata mbegu, bado changa, itanyauka tu sokoni.

Nyanya kijani iliyokomaa inaweza kukupa kama wiki moja au zaidi kabla ya kuwa nyekundu kabisa, kutegemea joto. Inayoanza kugeuka hukupa siku chache. Nyekundu hukupa siku moja mbili za wasiwasi. Hizo siku ndizo uhuru wako wa kusimama mbele ya maji. Kama dalali anataka rangi, mwambie itakuja njiani na sokoni.

Kwa mazao mengine kanuni ni ileile. Vitunguu vilivyokaushwa vizuri na viazi mviringo vinavumilia kusubiri. Kabichi hustahimili siku kadhaa. Mchicha na majani mengine hesabu yake ni masaa, hivyo msimu huu tafuta soko la karibu.

HATUA YA 3: ANDIKA MAKUBALIANO KABLA YA KUPAKIA

Vijana wengi tunakubaliana na mwenye gari kwa mdomo, tena bei tu. Wakati wa mvua weka kwenye karatasi au hata kwenye ujumbe wa simu mambo haya manne:

1. Gari likisimama kwa sababu ya maji, malipo ya kulala ni kiasi gani kwa usiku.
2. Dereva haingii kwenye maji yanayopita juu ya barabara. Akiingia bila idhini yako, hasara ni ya nani.
3. Hakuna mtu kupanda juu ya mzigo.
4. Gari likiharibika, nani anatafuta la kuhamishia mzigo na kwa gharama ya nani.

Kwa mnunuzi, omba muda wa siku mbili wa kufikisha mzigo badala ya saa fulani ya alfajiri. Na uwe na mnunuzi wa pili upande wako wa korongo, hata kama bei yake ni ndogo. Huyo ndiye mlango wa nyuma.

Halafu kuna bima. Uliza kabisa gari lina bima gani. Bima ndogo hailipi mzigo wako. Hata bima kubwa ya gari, kwa kawaida inahusu gari lenyewe. Mzigo unahitaji bima yake ya mizigo ikiwa safarini. Uliza bei, igawanye kwa idadi ya masanduku, uone kama inabebeka.

HATUA YA 4: FUNGASHA UKIJUA GARI LINAWEZA KULALA NJIANI

Usichume nyanya zikiwa na maji ya mvua au umande. Zikilowa, zitandaze kivulini zikauke kwanza. Unyevu ndani ya sanduku ni kitanda cha kuoza.

Tumia kreti za plastiki ukiweza. Kreti hubebana zenyewe kwa zenyewe, wakati tenga la juu hukandamiza nyanya za tenga la chini. Usijaze kupita mdomo.

Turubai ni muhimu, ila usilikandamize juu ya mzigo kama blanketi. Nyanya inapumua na kutoa joto. Weka fremu ya miti ili pabaki nafasi ya hewa juu, na gari likisimama bila mvua, fungua pembeni. Mzigo wa vijana wetu ulifunikwa kwa turubai usiku kucha na nusu ya siku, ndiyo maana hata masanduku ambayo hayakuguswa na maji yalitoka yanafukuta.

Pakia mapema. Lenga kupita makorongo yako yote asubuhi, kukiwa na mwanga na ukiwa na siku nzima mbele ya kutafuta njia nyingine. Gari likichelewa hadi jioni na huko juu kumefunga wingu, lala shambani.

HATUA YA 5: UKIFIKA MBELE YA MAJI

Simama mbali, mahali pa juu. Usiegeshe ndani ya bonde la korongo, maji yanaweza kuja kwa ghafla hata kama wewe uko juani.

Chomeka kijiti ukingoni mwa maji, kisha kiangalie kila baada ya nusu saa. Kijiti kikizama, maji yanapanda, rudi nyuma zaidi. Kikibaki nchi kavu, yanashuka. Makorongo madogo ya milimani mara nyingi hushuka ndani ya masaa. Mto mkubwa unaweza kuchukua siku, hapo piga simu ya mnunuzi wa pili mapema.

Usimtume utingo apime kina kwa miguu. Huyo ni mtoto wa mtu, hakuajiriwa kuwa kipimo cha maji. Usifuate gari lililotangulia kwa sababu "lenyewe limepita", linaweza kuwa ndilo limemalizia kubomoa. Usiku, usijaribu kabisa.

Maji yakishashuka hadi uione barabara, tembea ukague ukingo, maungio na nyufa kabla gari halijapita. Ukiona pameliwa, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na TARURA kwa barabara za wilaya, au TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Weka alama ya matawi ili mwenzako asiingie.

Kama dereva anang'ang'ania, wewe ndiye mwenye mzigo. Mwambie kwa heshima: "Kaka, nakulipa usiku huu. Tulale." Shilingi laki moja ni rahisi kuisema kama uliitenga tangu mwanzo. Ndiyo maana nasema, weka akiba ya kulala njiani kwenye bajeti ya kila safari ya mvua, kama unavyoweka nauli.

HATUA YA 6: IKITOKEA AJALI

Watu kwanza. Tokeni upande wa juu au dirishani, msirudi kuchukua sanduku hata moja. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kuokoa aliye majini, rusha kamba, mti au galoni tupu lililofungwa kamba ukiwa nchi kavu. Usimrukie.

Gari likizama, usijaribu kuliwasha baada ya kulitoa. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, kwa hiyo vyuma vya ndani hupinda na injini inakufa. Fundi afungue kwanza.

Piga picha za gari, mzigo na mahali kabla ya kusogeza kitu, kisha toa taarifa polisi na kwa kampuni ya bima mapema.

Na nyanya zilizozama kwenye maji ya mafuriko? Usiziuze. Maji yale yamepita kwenye vyoo na majalala, na kipindupindu hupenda msimu huu. Najua inauma, ila mteja wa kachumbari hajui safari yako. Tenga zilizozama na zitupe, uza zile tu ambazo hazikuguswa na maji.

ZOEZI LA WIKI HII

Chukua karatasi, chora njia yako kutoka shambani hadi lami. Weka alama kila korongo, kalavati na drifti. Pembeni ya kila alama andika vitu vitatu: jina la mtu wa kumpigia simu kabla ya safari, mahali pa juu pa kuegesha gari, na mnunuzi aliye upande wako. Kisha chini kabisa andika kiasi cha fedha ulichotenga kwa ajili ya kulala njiani. Kama sehemu yoyote iko wazi, safari hiyo haijawa tayari, hata kama gari limeshafika shambani. Ijaze kwanza, ndipo uite wachumaji.

Tuonane somo lijalo. Kazi njema.